Indeksi ipo, lakini ulizo la MySQL bado linajikongoja

Mkuu, umeuliza kwa nini jedwali la miamala kwenye MySQL (programu ya hifadhidata) linasomeka polepole ilhali safuwima ya tarehe umeshaiwekea indeksi, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia rekodi haraka. Tatizo liko hapa, kwenye sharti la ulizo lako: WHERE mteja_id = 81 AND YEAR(tarehe) = 2024. Ukishaifunga safuwima ndani ya YEAR(), kitendaji kinachotoa mwaka kwenye tarehe, MySQL haiwezi kuitumia indeksi ile kutafutia, maana humo zimepangwa tarehe zenyewe, si miaka. Inabaki kupitia rekodi moja baada ya nyingine. Andika hivi:

WHERE mteja_id = 81 AND tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'

Kisha tengeneza indeksi moja ya pamoja, (mteja_id, tarehe), kwa mpangilio huo huo. Ukitanguliza tarehe, itabidi ipitie miamala ya wateja wote wa mwaka mzima ndipo imchuje huyo mmoja. Wengi hulipuuza hili, na kwako ndilo litakalosaidia zaidi.

Endesha EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi MySQL itakavyolitekeleza ulizo, kabla na baada. Safuwima ya type kwenye matokeo yake ikitoka ALL (kusoma jedwali zima) ikawa range (kusoma sehemu tu ya indeksi), mambo yamekaa sawa. Ila tafadhali usiweke indeksi kwenye kila safuwima, kwani kila INSERT (amri ya kuingiza rekodi mpya) italazimika kuzisasisha zote. Ile ya tarehe peke yake ibakize tu kama kuna ripoti za siku zinazoitegemea.