Niliambiwa Sina Uvimbe, na Ilikuwa Kweli

Oktoba moja, miaka minne iliyopita, nilipanga foleni ya upimaji wa bure wa saratani ya matiti hapa Morogoro pamoja na walimu wenzangu watatu. Nyuma ya pazia muuguzi aliniuliza kama nimewahi kuhisi uvimbe kwenye matiti, nikajibu kuwa sijawahi. Akanipapasa kwa utaratibu, titi moja baada ya jingine hadi makwapani, kisha akaniambia kwamba hakuona uvimbe wowote. Nikarudi nyumbani na utepe wa pinki kifuani, moyo mweupe kabisa. Wakati huohuo chuchu yangu ya kushoto ilikuwa na gamba ambalo kwa miezi miwili lilikuwa linatoka na kurudi. Sikulitaja kwa sababu sikuulizwa, na kwa sababu kichwani mwangu saratani ya matiti ilikuwa kitu kimoja tu: goroli iliyojificha chini ya ngozi.

Lilianza kama ukavu. Ngozi ya ncha ya chuchu ilibanduka vipande vidogo, kama midomo inavyopasuka wakati wa kipupwe, ikawasha kidogo, kisha ikatulia. Baada ya wiki kadhaa nikawa naamka asubuhi nguo imegandana na chuchu, na nikiivuta taratibu inaacha doa dogo la rangi ya chai ya mkandaa, kila mara mahali palepale na kila mara upande wa kushoto. Nilibadilisha sabuni ya kufulia. Nikaacha sidiria yenye lesi nikavaa ya pamba. Kwenye duka la dawa mhudumu aliniambia, "Fangasi hizo, mama," akaniuzia dawa ya kupaka. Mwanzoni mwa Novemba nilikwenda kituo cha afya, nikaandikiwa kuwa nina ukurutu na kupewa dawa nyingine ya kupaka, na hii ya pili ilinisaidia kweli: muwasho ukaisha na gamba likapungua. Nafuu hiyo ndiyo iliyonichelewesha kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa dawa za kutuliza ngozi zinaweza kutuliza pia kile kinachoonekana juu ya chuchu yenye saratani, huku kilichoko chini kikiendelea na safari yake.

Aliyenistua si daktari. Mwezi wa Januari tulikuwa kwa mama mkwe, mimi na wifi yangu tukianua nguo, akaishika sidiria yangu iliyokuwa imefuliwa na bado ina alama.

"Wifi, hili doa la nini?"

"Fangasi, wifi. Napaka dawa."

Akaigeuza, akatazama upande wa pili, ambao ulikuwa safi. "Fangasi gani hiyo inachagua ziwa moja?"

Wifi yangu ni fundi cherehani. Hajasomea utabibu hata siku moja, lakini swali lake ndilo ambalo mimi, mwalimu, na wahudumu wawili wa afya hatukuwa tumejiuliza. Ukurutu wa kawaida mara nyingi huzipata chuchu zote mbili, na huanzia kwenye duara jeusi linalozunguka chuchu. Kilichonipata mimi kilianzia kwenye ncha yenyewe, kikatambaa kuelekea nje, na hakikuvuka kwenda upande wa pili.

Februari nilifika kwa daktari wa upasuaji. Alinichoma sindano ya ganzi, akachukua kisu kidogo cha duara, kama kile kimashine cha kutobolea karatasi tunachotumia ofisini, akatoa kinyama cha kupimwa maabara, kisichozidi punje ya mchele. Picha ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, nayo ilionyesha vichembe vya chokaa vilivyojikusanya ndani ya titi, mbali na pale ambapo kidole kingeweza kufika. Baada ya wiki tatu majibu yalirudi: ugonjwa wa Paget wa chuchu, pamoja na saratani ambayo bado ilikuwa ndani ya mirija ya maziwa. Uvimbe wa kushikika haukuwepo, kwa hiyo muuguzi wa Oktoba alikuwa amesema kweli tupu.

Ugonjwa huu si mgeni. James Paget, daktari wa upasuaji wa London, aliueleza mwaka 1874 baada ya kuwaona wanawake wapatao 15 wenye chuchu zilizochubuka kwa namna hii, akabainisha kwamba wale alioweza kuwafuatilia walipata saratani ndani ya titi hilohilo katika muda usiozidi miaka miwili. Ni nadra: kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, huwapata mmoja hadi wanne. Lakini karibu nusu yao hawana uvimbe unaoweza kuhisiwa kwa mkono, na kwa watu hao chuchu ndiyo dalili pekee ya nje.

Nilipoanza kulizungumzia jambo hili na wanawake wenzangu, niligundua kwamba si mimi peke yangu niliyefundishwa kutafuta goroli. Wengi hawajui kwamba ipo aina ya saratani ya matiti, inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa, ambayo seli zake hujipanga mstari mmoja kama watoto wanaoingia darasani badala ya kurundikana. Aina hii huwapata wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100. Titi linaweza kuwa zito sehemu fulani, au likasinyaa, au likabadilika umbo tu, na mhusika akadhani ni umri au kupungua mwili. Wapo wanaoona ngozi imefanya kishimo pale wanapoinua mikono kufunga kitambaa kichwani, na mikono ikishuka kishimo hakipo. Wapo ambao chuchu yao, iliyokuwa imesimama maisha yote, imeanza kuingia ndani. (Aliyezaliwa na chuchu iliyoingia ndani hana sababu ya kuogopa, ninazungumzia ile iliyobadilika ukubwani.) Majimaji yasiyo na rangi kama maji, au yenye damu, yanayotoka yenyewe bila kukamuliwa kwenye titi moja, yanahitaji kuchunguzwa. Vivyo hivyo tezi iliyovimba kwapani wakati mkono hauna jeraha wala jipu.

Kuhusu ngozi nina neno la ziada, kwa sababu hapa sisi weusi tunapunjwa na vitabu. Karibu kila kipeperushi husema "titi kuwa jekundu" na huambatanisha picha ya mwanamke mweupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unachoweza kuona ni sehemu iliyokoza weusi kuliko kawaida, au yenye rangi ya zambarau, au inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, na ukiigusa kwa nyuma ya kiganja unahisi joto kuliko titi la pili. Ngozi inaweza kuwa nene na yenye vitundu kama ganda la chungwa. Hutokea hivyo kwa sababu vijia vya limfu, yaani majimaji ya mwilini, vimezibwa na seli za saratani, maji yamejaa kwenye ngozi ikavimba, na vinyweleo vikabaki vimezama. Saratani ya namna hii huja kwa kasi, ndani ya wiki au miezi michache, na mara nyingi haina uvimbe wa kushikika hata kidogo.

Kwetu titi likivimba ghafla namna hiyo, wa kwanza kutajwa ni tambazi, na majani huchemshwa ili likandwe. Sina ugomvi na maji ya moto. Ninachoogopa ni wiki zinazopotea. Hali huwa ngumu zaidi kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa kwake maelezo ya kawaida yapo tayari: maziwa yameganda, au titi limepata maambukizi. Mara nyingi huwa hivyo kweli, na dawa za antibayotiki humpa nafuu ndani ya siku chache. Lakini akimaliza dozi na titi likabaki vilevile, hapaswi kupewa dozi ya pili na ya tatu ya dawa zilezile. Anapaswa kupigwa picha ya ultrasaundi na, ikibidi, kutolewa kinyama.

Jingine linalotuponza ni maumivu, au tuseme kutokuwepo kwake. "Haliumi, basi si kitu" ni sentensi niliyoisikia kwa watu wasiojuana kabisa, ilhali saratani nyingi za matiti haziumi mwanzoni. Wanaume nao wasijitoe: karibu mgonjwa mmoja katika kila 100 ni mwanamume, na kwa kuwa nyama ya titi lake ni kidogo, dalili mara nyingi hujitokeza karibu na chuchu.

Haya yote nayasema nikijua kwamba mabadiliko mengi ya matiti si saratani. Kipimo changu mimi kimekuwa cha maswali mawili: je, ni upande mmoja, na je, wiki mbili au tatu zimepita bila kupona? Yakiwa ndiyo yote mawili, ninakwenda hospitali hata kama ninajihisi mzima.

Sasa kuhusu uchunguzi. Nilikuwa nikijilaumu kwamba sikuwa na desturi ya kujipapasa kila mwezi, hadi nilipoelezwa matokeo ya utafiti uliofanyika Shanghai kwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo. Nusu yao walifundishwa kujichunguza kwa utaratibu maalumu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo havikupungua, ila vinyama vilivyotolewa bila ugonjwa viliongezeka. Ndiyo maana siku hizi wataalamu wengi wanasisitiza kulijua titi lako lilivyo kawaida, wakati wa kuoga au kuvaa, ili likibadilika utambue. Matokeo ya Mumbai yalinipa moyo zaidi. Huko wahudumu wa afya wa kawaida waliofunzwa walichunguza matiti ya wanawake kwa mikono kila baada ya miaka miwili, na baada ya ufuatiliaji wa miaka 20 vifo vya saratani ya matiti kwa waliozidi umri wa miaka 50 vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 30. Kwa nchi zetu, ambako mashine za mamografia ni chache na nyingi ziko mijini, mikono iliyofunzwa ni hazina.

Mamografia yenyewe inafaa zaidi kuanzia umri wa miaka 40 na kuendelea. Uingereza huwaita wanawake wa miaka 50 hadi 71 kila baada ya miaka mitatu, na Marekani tangu mwaka 2024 inashauri kila baada ya miaka miwili kuanzia 40 hadi 74. Kwa wasichana na wanawake wa chini ya hapo nyama ya titi ni nzito na huficha mengi kwenye picha, hivyo ultrasaundi ndiyo hutangulia. Siku ya mamografia vaa sketi na blauzi badala ya gauni, na usipake poda wala manukato ya kwapani, maana chembe zake huweza kuonekana kama chokaa kwenye picha. Kama bado unaona hedhi, chagua wiki inayofuata baada ya kumaliza, matiti yanapokuwa hayajakaza. Picha za zamani zitunze, na uende nazo.

Lakini mwenye dalili asingoje upimaji wa bure wa Oktoba, wala asijifariji kwa picha safi. Kwake kinachohitajika ni kuchunguzwa kwa mkono, kupigwa picha, na kutolewa kinyama pale dalili isipoeleweka. Ninajua tunavyokiogopa kinyama. Mitaani husemwa kwamba uvimbe ukiguswa na chuma husambaa, na wanaosema hivyo wamemwona jirani aliyekatwa kinyama kisha akazidiwa. Wanachokisahau ni miezi iliyopita kati ya kinyama na matibabu, wakati majibu yakisubiriwa, nauli ikitafutwa, na ndugu wakishauriana. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba mtu akishafika kituoni na dalili, ugonjwa uwe umetambuliwa ndani ya siku 60. Mimi nilitumia zaidi ya siku 130.

Ukiingia kwa daktari, usiseme "nawashwa." Sema ni upande gani, tangu mwezi gani, umetumia dawa zipi na kwa muda gani, na kwamba haikupona. Piga picha ya simu kila wiki, dirishani, mahali palepale, ili ukiwa na siku nzuri gamba likiwa halipo uwe na cha kuonyesha. Mimi ningeibeba hata ile sidiria. Ukipewa dawa, uliza kabla ya kutoka: nisipopona baada ya wiki mbili, kipimo kinachofuata ni kipi, na nitakifanyia wapi? Ukiona haya mbele ya daktari mwanamume, omba muuguzi wa kike awepo chumbani. Na kama hujui pa kuanzia, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ina kliniki ya uchunguzi, na hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi nazo huhudumia wagonjwa wa saratani.

Titi la kushoto liliondolewa mwezi wa Aprili, na tezi za kwapani zilikutwa safi. Kila Machi napanda basi la alfajiri pale Msamvu kwenda kupigwa picha ya titi la kulia. Mwaka jana nilimbeba wifi, ambaye ana miaka 52 na alikuwa amekataa mara mbili kwa maelezo kwamba hana anachoumwa. Alipigwa picha nne, mbili kila upande, akatoka anafunga vifungo vya blauzi huku akilalamika kwamba hata pasi ya makaa haibani hivyo. Majibu yake yalikuwa safi. Ameambiwa arudi baada ya miaka miwili, na tarehe ameiandika kwa chaki ya cherehani ukutani, juu ya meza yake ya kukatia.