Mwanangu aliomba maji, mwalimu akatafuta mbu

Siku ya pili ya chekechea mwanangu alirudi nyumbani na chupa yake ya maji imejaa vilevile kama nilivyoifunga asubuhi. Ilikuwa Januari, na anayelijua joto la Januari huku Tabata, Dar es Salaam, ananielewa. Akanywa vikombe viwili bila kupumua, akaomba cha tatu, ndipo akaanza kulia.

Kesho yake nikamuuliza mwalimu. "Baba, mbona hajaomba maji," akanijibu. "Ila jana alisema mbu, mbu, mpaka nikamhamisha pale dirishani."

Niliishiwa maneno. Nyumbani kwetu maji yalikuwa yanaitwa mbuu. Alipokuwa na mwaka na miezi kidogo ndiyo sauti aliyoitoa kikombe kilipomgusa mdomo, tukacheka, tukaichukua. Mimi, mama yake, dada wa kazi, hata mjomba wake akija Jumapili: "Unataka mbuu, baba?" Kwa karibu miaka miwili sidhani kama kuna mtu pale ndani aliyemtajia neno maji huku ameshika kikombe. Na kifuniko cha ile chupa nilikikaza mwenyewe, maji yasimwagikie daftari.

Tangu hapo kila mzazi mwenye mtoto mdogo akinijua ananiuliza lilelile: ukiongea na mtoto kitoto, unamchelewesha kusema? Mimi si daktari, nauza spea Gerezani. Lakini baada ya aibu ile nilisoma sana, na nikaona kwamba tunapouliza hivyo huwa tumeweka vitu viwili kwenye mfuko mmoja.

Kuna sauti. Ile nyembamba, ya kupanda na kushuka, inayonitoka hata mimi ninayeshinda nikibishana bei za shokapu. Hiyo haina kosa, na watoto wanaipenda tangu wachanga. Mtafiti Anne Fernald alilipima hilo mwaka 1985 kwa watoto wa miezi minne: wakipewa nafasi ya kuchagua, waligeukia zaidi sauti ya mtu anayeongea na mtoto kuliko ya watu wazima wakiongea wao kwa wao. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, Patricia Kuhl akiwemo, lilitoa matokeo ya wazazi waliofundishwa kuongea hivyo kwa makusudi: polepole, kwa kuvuta irabu, halafu kumsubiri mtoto naye ajibu hata kwa "aa". Watoto wao walipofika miezi 18 walikuwa na wastani wa maneno kama 100. Wenzao, ambao wazazi hawakufundishwa, kama 60. Ila sauti ile ilibeba maneno halisi. Hapo ndipo mimi nilipokosea.

Na kama wewe ni wale wanaoona haya kumwimbia mtoto mbele ya shemeji, usijilaumu. Wakaluli wa Papua New Guinea, walipochunguzwa miaka ya 1970, hawakuwa na desturi ya kuongea kitoto, na watoto wao walijua kusema vizuri tu.

Halafu kuna maneno ya kubuni, ya mbuu. Hata hayo hayamfungi mtoto ulimi. Mtoto anayesema mbuu kila anapoona kikombe ameshaelewa kwamba sauti fulani ni ya kitu fulani, na hiyo kwake ni kazi kubwa. Deb Roy, mtafiti wa MIT kule Marekani, aliwahi kutega kamera na maikrofoni nyumba nzima kumrekodi mwanawe akijifunza kusema. Mtoto huyo alianza kwa kuyaita maji "gaga", ikamchukua kama nusu mwaka kufika "water". Niliposoma hapo nilicheka peke yangu dukani, kumbe maji yanawasumbua wengi. Kilichonigusa zaidi ni walezi wake. Neno lilipokaribia kutoka, sentensi zao zenye neno lile zilikuwa fupi kabisa. Lilipokwisha kutoka, zikaanza kurefuka tena. Walishuka alipo mtoto, wakapanda naye. Sisi tulishuka, tukatandika mkeka, tukakaa.

Aliyetutoa pale ni mama mkwe, alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi miwili. Kabla yake mimi nilikuwa nimeanzisha gwaride: "Sema maji! Ma-ji! Husemi, hupewi!" Mtoto akafunga mdomo kabisa, akawa anavuta shati na kuonyesha kidole. Bibi akanitazama tu, akaniacha nijichoshe. Jioni mtoto akamwendea: "Bibi, mbuu." Bibi akajibu kana kwamba amesikia vizuri tu: "Maji? Unataka maji ya baridi? Haya, maji haya hapa, baba yangu, maji ya mtungini." Maji manne ndani ya pumzi moja, kwa sauti ileile ya kubembeleza, na kikombe mkononi bila sharti lolote. Kesho yake hivyohivyo. Kabla wiki ya tatu haijaisha nilisikia "aji" jikoni. Sikusema kitu, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Jambo jingine nililolichukua kwa bibi ni namna anavyoongea kitoto bila kuvunja Kiswahili. Sisi tulikuwa tunasema "toto tula? toto talala?" tukidhani tunamrahisishia. Yeye anasema "kajukuu kangu kamekula? kamelala wapi haka?" Ni utani, ni mahaba, na upatanisho wa kisarufi umo mle ndani wote, ka kwa ka. Kitenzi cha Kiswahili kimebebana: nani, lini, nani tena, vyote katika neno moja kama atakupeleka. Mtoto anayeanza huwa anadondosha vile vipande vya mbele, na hilo ni la kawaida. Ukividondosha na wewe, atavisikia kwa nani?

Wengine wananiuliza kama kumwita mtoto wa kiume "baba" na wa kike "mama" hakumchanganyi. Pwani nzima imelelewa hivyo. Hamna shida.

Linalonitia wasiwasi ni pale kuongea kitoto kunapobebeshwa lawama isiyo yake. Jirani yetu mmoja mtoto wake alifika miaka miwili hana neno zaidi ya matatu. Wakasema anadekezwa, kisha wakasema ana udata, wakatafuta wa kumkata chini ya ulimi. Udata unaweza kusumbua kunyonya au matamshi fulani, lakini si kawaida kumfanya mtoto asiwe na maneno kabisa. Alipopelekwa hospitali ikaonekana ni masikio, yalikuwa yakitoa usaha mara kwa mara na hasikii vizuri. Kwa hiyo mtoto akifika mwaka bila kubwabwaja "bababa, mamama", akifika mwaka na nusu bila neno hata la kubuni, akifika miaka miwili haungi maneno mawili kama "baba njoo", au akiacha maneno aliyokuwa nayo, hilo la mwisho katika umri wowote, msimjadili barazani. Anzeni kliniki, na ombeni masikio yapimwe.

Simu nayo niiseme kwa ufupi, maana tunaijua sote. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto asiwekwe mbele ya skrini kabisa kabla hajafika mwaka, na wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Katuni haimsubiri ajibu.

Mdogo wake ameanza chekechea mwaka huu. Naye ana maneno yake, sikuyaua, nyumba isiyo na hata moja naiona kama ofisi. Ila safari hii niliyaandika kwenye kikaratasi, matano, na maana zake pembeni: susu ni mkojo, mamam ni wali, didi ni dada, na mengine mawili. Nikampa mwalimu mlangoni. Akasoma, akaniuliza kama kweli "tototo" ni bodaboda, na kabla sijajibu moja ikapita barabarani, mtoto akanyoosha kidole.