Maji yasiyokwisha ngamani

Ndugu, umeuliza kwa nini pampu inafanya kazi vizuri lakini kila ukifunua sakafu ya boti unakuta maji ya vidole viwili yametulia ngamani, yaani chini kabisa ya chombo. Hayo pampu haiyamalizi. Hunyonya mpaka maji yashuke chini ya mdomo wake, na ikizimwa, yaliyobaki kwenye mpira wa kutolea maji hurudi yote. Kuna watakaokushauri ufunge vali ya kuyazuia yasirudi; mimi siipendi, maana takataka ndogo ikikwama hapo pampu haisukumi kitu.

Yafue kwa upo, yaani yachote kwa kichoteo cha boti, malizia na sponji, kisha pangusa mpaka pakauke kabisa. Ila kabla hujayatoa, kama uko baharini na hayana mafuta, chovya kidole uonje. Ya chumvi? Angalia nguruzi (tundu la kutolea maji na kizibo chake), panapopita shafti ya kuzungusha rafadha, na maungio ya mipira. Matamu ni ya mvua au tangi linavuja, na kwa boti ya mbao hayo ndiyo mabaya zaidi, yanaozesha mbao kuliko ya chumvi.

Pakishakauka, chombo kikiwa bado majini, nyunyiza unga wa chaki ngamani na usubiri. Tone la kwanza litachora njia yake kwenye unga, ufuate mpaka lilikoanzia.

Pitisha waya pia kwenye vitundu vya chini ya mataruma, zile mbavu za boti. Vikiziba, maji hayafiki kwenye pampu hata ukiiwasha kutwa.

Yenye mafuta usiyapampu nje. Yafyonze kwa matambara.