Maswali ya Wasomaji: Kuogelea, Baiskeli na Mbio kwa Vifaa Vichache

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi mchezo wa triathloni, ambamo mshindani huogelea, huendesha baiskeli na kisha hukimbia, yote kwa mfululizo mmoja na saa ikihesabu hata anapobadili viatu. Barua zilizofuata kutoka Mtwara na Lindi ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua nne, kwa kuwa zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu anaweza kupunguza vitu kiasi gani na bado mchezo ukabaki mchezo?

Ndugu Mshauri, ninafanya kazi katika ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Nakimbia kilomita 10 bila taabu na baiskeli naendesha tangu utotoni. Nimetazama triathloni kwenye simu nikaona baiskeli ambazo naambiwa bei yake inazidi pikipiki mpya. Muda wangu hauzidi saa nne au tano kwa wiki, na msimu wa korosho ukianza hata huo hupungua. Je, mchezo huu unanifaa, au nibaki na mbio zangu? (Karani wa ghala, Mtwara)

Ndugu Karani, mchezo unakufaa, na baiskeli uliyo nayo inatosha kuanzia. Zile ulizoziona ni za watu wanaohangaikia dakika chache katika safari ya kilomita 180, baada ya kumaliza karibu kila kilichoweza kupatikana kwa mazoezi. Kwa anayeanza, dakika nyingi zaidi zimelala kwenye tairi lisilo na upepo wa kutosha, kiti kilichokaa chini mno na mnyororo uliojaa mchanga. Lile shindano maarufu la triathloni ndefu la Hawaii, la Ironman, lilianza tarehe 18 Februari 1978 kutokana na ubishi wa nani ana pumzi zaidi kati ya waogeleaji, waendesha baiskeli na wakimbiaji. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12, na mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58 kuogelea takriban kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia marathoni nzima. Mishikio ya kuegemea viwiko, ambayo leo muuzaji atakuambia huwezi kushindana bila kuwa nayo, ilikuwa bado haijaingia katika mchezo. John Dunbar, aliyeshika nafasi ya pili, aliishiwa maji njiani akapewa bia na waliokuwa wakimsindikiza, jambo ambalo simshauri mtu yeyote aliige kwenye jua la Mtwara.

Wewe usianze na Hawaii. Umbali unaotumika katika Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000 ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10. Nusu yake, yaani mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, ndiyo mbio fupi, na hiyo ndiyo ninayokupendekezea. Bahati yako ni kwamba barabara imekwisha kukupimia sehemu ya pili: kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni takriban kilomita 10, hivyo kwenda na kurudi ni mbio fupi kamili. Nenda alfajiri, kabla ya malori ya saruji na ya korosho hayajawa mengi, na usitumie nguvu zote unapokwenda, kwa sababu katika miezi ya kusi upepo humsumbua zaidi anayerudi mjini.

Kuhusu baiskeli yenyewe, tenga asubuhi moja. Igeuze kichwa chini uani, futa mnyororo kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, ubadilishe kitambaa hadi kisitoke cheusi tena, kisha uache ukauke. Dondoshea oili tone moja moja kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedeli kwa mkono, halafu futa yote iliyobaki juu, kwa kuwa oili ya nje haisaidii chochote isipokuwa kukusanya mchanga. Kisha kaa kwenye kiti ukiwa umeegemea ukuta na uweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Wengi wetu tumeshushiwa kiti ili tuweze kukanyaga chini tunaposimama, na kwa sababu hiyo tunapanda kila mwinuko magoti yakiwa yamekaribia kidevu. Keria, stendi na kikapu viondoe siku za mazoezi. Breki na kofia ngumu sivihesabu miongoni mwa vitu vya kupunguza, na kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, iwe ni vipande vipya vya breki.

Muda wa saa nne unatosha kwa mbio fupi, mradi uwe wa kila wiki. Jumanne kimbia dakika 40. Siku mbili ogelea nusu saa nusu saa. Siku hizo nitazieleza katika barua inayofuata. Jumamosi nenda Mikindani na kurudi, na ukishuka tu kwenye baiskeli, anza kukimbia dakika 15 bila kukaa. Miguu itakuwa mizito kana kwamba umeiazima, na magoti yatataka kuendelea kuzunguka badala ya kukanyaga. Ni hali ya kawaida, na huzoeleka baada ya wiki kadhaa ukiirudia. Siku zilizobaki pumzika, na usizijaze kwa sababu tu unajisikia vizuri. Msimu wa korosho ukifika, punguza dakika za kila zoezi lakini usiifute siku yenyewe: ni rahisi kurefusha zoezi la dakika 20 mwezi Januari kuliko kuanza upya.

Nafundisha sekondari Mikindani. Nimezaliwa pwani, lakini kuogelea kwangu ni kule kwa utotoni, kichwa juu na mikono ikipiga maji, na nikifika mita 50 pumzi imekwisha. Bwawa sina, na mara nyingine nikitoka kazini nakuta maji yamekupwa hadi mbali. Nawezaje kufikia mita 750? (Mwalimu)

Mwalimu, barua yako ndiyo iliyonichelewesha kukamilisha safu hii, kwa sababu maji ndiyo sehemu ya mchezo ambayo haivumilii makosa.

Nianze na ratiba. Mtu wa bwawani huogelea Jumatatu na Alhamisi. Mtu wa pwani hufuata mwezi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji katika mwambao wetu hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50, hivyo baada ya wiki moja hivi, siku za maji mafu, utakuta yamejaa kwenye saa nne asubuhi. Kwa hiyo wiki ya bamvua ogelea jioni mbili baada ya vipindi, na wiki ya maji mafu hamishia mazoezi yako asubuhi ya Jumamosi na Jumapili. Wavuvi wa hapo Mikindani wanazijua saa hizi kwa usahihi kuliko kalenda yoyote. Waulize, nao watakueleza pia mahali ambapo mkondo huvuta.

Jambo hili nililijifunza vibaya. Miaka iliyopita niliingia majini saa kumi na moja na nusu siku ya bamvua, nikijua kwamba yamejaa lakini bila kujiuliza kama yameanza kutoka. Nilikwenda mbali kwa urahisi nikajisifu moyoni kuwa nimeimarika, hadi nilipogeuka na kuona kwamba mnazi niliouweka kuwa alama haukaribii. Nilitoka kwa kuukata mkondo upande upande, nikafika mwambani gizani, na nikamaliza mita za mwisho nikitembea juu ya mawe kwa kupapasa, huku nyayo zikichomwa na viumbe wa miba. Tangu siku ile naogelea sambamba na ufukwe, mahali ambapo nikisimama maji yananifika kifuani, na siingii peke yangu. Wewe ufanye vivyo hivyo, ukiwa na mwenzako majini au mtumbwini, na ukae mbali na njia ya vyombo. Ghuba ya Mikindani imetulia kiasi cha kukutosha. Anayesoma barua hii akiwa Shangani, Mtwara mjini, asijaribu mlango wa bandari, ambamo meli na kivuko cha Msangamkuu hupita.

Sasa pumzi. Kinachokumaliza katika mita 50 ni kichwa chako: ukikiinua, miguu huzama, na mwili uliozama miguu ni kama mtumbwi unaovutwa wima. Anza ukiwa umesimama, maji kifuani. Tumbukiza uso, toa pumzi yote polepole kwa puani hadi mapovu yaishe, kisha geuza uso upande mmoja uvute hewa, sikio la pili likibaki majini. Rudia mara 20. Usiongeze mikono mpaka jambo hilo liwe la kawaida kama kunywa chai. Kifaa pekee ninachokuomba ununue ni miwani ya kuogelea, kwa kuwa mtu anayeogopa chumvi machoni hawezi kutuliza shingo. Suti zile za mpira zilizobuniwa kwa bahari za baridi zisahau, kwa sababu maji yetu huwa kwenye nyuzi 25 na zaidi, na kanuni za mchezo huu huzikataza maji yanapokuwa na joto la namna hiyo.

Kipimo ni kamba. Pima kamba ya mita 25, inyooshe mara mbili ufukweni kati ya minazi miwili au vigingi viwili, na hapo una mita 50. Kwenda na kurudi ni 100. Wiki za mwanzo ogelea mita 25 kisha simama upumue, mara kumi au kumi na mbili. Baada ya hapo ongeza urefu wa kipande kabla ya kuongeza idadi. Siku utakapokwenda na kurudi mara saba na nusu bila kusimama, umefika.

Mimi ni muuguzi Lindi mjini, mama wa watoto wawili. Nilianza kukimbia baada ya Alphonce Simbu kuwa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, kisha nikaongeza baiskeli. Mume wangu alininunulia saa inayohesabu mapigo ya moyo, na tangu hapo kila zoezi linaniachia huzuni, kwa sababu saa inaniambia nimezembea. Je, nikiivua nitarudi nyuma? (Muuguzi)

Dada Muuguzi, hutarudi nyuma. Wewe kazini unasoma mapigo ya moyo kwa vidole viwili na saa ya ukutani, na unajua kwamba joto, usingizi uliokatika na zamu ya usiku vyote huyapandisha bila uzembe wowote. Saa ya mkononi haijui kwamba umetoka wodini saa moja asubuhi. Kipimo kinachotosha kwa mazoezi mengi ni mazungumzo: ukiweza kumsimulia mwenzako kisa kwa sentensi nzima huku mnakimbia, mwendo ni sahihi; ukianza kujibu kwa neno moja moja, umezidisha. Wakimbiaji na waendesha baiskeli wa kiwango cha juu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao, karibu nne ya tano, kwa mwendo mwepesi wa namna hiyo, na sisi wengine ndio tunaokwenda mbio kila siku kisha tunashangaa kuchoka.

Zawadi ya mume usiitupe. Ivae mara moja kwa mwezi, katika njia ileile na saa ileile ya alfajiri, uandike kwenye daftari umetumia dakika ngapi. Siku nyingine iache nyumbani. Na baada ya zamu ya usiku usiendeshe baiskeli barabarani kabisa, lala kwanza.

Uliuliza pia kuhusu mavazi katika mistari ya mwisho ya barua yako. Suruali nyepesi ndefu na blauzi ya mikono mirefu havikuzuii kitu isipokuwa pindo la kulia, ambalo utalifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ili lisiingie kwenye mnyororo. Kwa kuogelea, chagua kitambaa kisichonywa maji; khanga na pamba huwa nzito na huvuta chini.

Mfungo wa Ramadhani unaponikuta katikati ya mazoezi huwa naacha kila kitu kwa mwezi mzima. Kuna njia nyingine? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Ndugu msomaji, ipo, nayo ni fupi. Zoezi jepesi la dakika 20 au 30 lifanye katika saa ya mwisho kabla ya kufuturu, ili kiu ikute maji karibu, au baada ya tarawehe kama usingizi wako unaruhusu. Mara tatu kwa wiki zinatosha kulinda ulichokijenga. Baharini usiingie ukiwa umefunga, hata maji yakiwa yametulia vipi, na safari ndefu za baiskeli ziache hadi baada ya Idi.

Wakati wa futari mihogo, ming'oko, uji na samaki vinatosha. Unga wa kopo wa wanamichezo hauhitajiki. Madafu ni mazuri lakini yana chumvi kidogo kuliko jasho lilivyoichukua, kwa hiyo kula nayo kitu chenye chumvi, hata korosho za kukaanga. Idi ikipita, wiki ya kwanza fanya nusu ya ulichokuwa ukifanya, na uanze na kutazama upepo wa matairi, kwa sababu baiskeli iliyosimama mwezi mzima hupoteza upepo, na ukiipanda hivyo hivyo tyubu hubanwa na rimu ikapasuka kwenye shimo la kwanza.