Miaka tisa bila hata ua moja

Kwanza tuelewane ni tofaa lipi. Sisemi tufaha la dukani linalokuja kwa meli. Mti wa lile unataka miezi ya baridi kali ndipo uchanue, ndiyo maana hata Bara wanaulima huko Lushoto na Njombe, milimani. Hapa Unguja, mbegu yake ikiota utafuga majani tu. Nasema tofaa letu, jekundu nje, jeupe ndani, lenye harufu ya waridi. Mti wake ni jamaa wa mkarafuu.

Wangu niliuotesha kwa kokwa aliyoniletea ami kutoka Wete. Miaka tisa nikanywa chai kivulini mwake, ua sijaliona. Jirani akaniambia niutie panga shinani ili niutishe. Nikautia mara mbili. Ukabaki na makovu, basi.

Kumbe kosa ni usafi wangu. Kila Idi ikikaribia nilikuwa namwita kijana aparuze shina, akate na vijitawi vyote vya ndani, mti ubaki kama mwavuli. Ami alipokuja akautazama, akacheka: "Unakata kizazi, mwanangu." Mtofaa haufanyi kama mwembe, ukachanua kwenye ncha. Hutoa maua kwenye matawi makongwe, mule ndani, na hata kwenye shina lenyewe. Vile vinundu nilivyoona uchafu ndimo maua yanamotokea. Kwa hiyo katakata matawi makavu na yanayosuguana, mengine yaache.

La pili ni mbolea. Kinyesi cha kuku wangu wote kilikuwa kinaishia pale, na mti ukashiba ukanenepa majani. Sasa naupa debe moja la mboji baada ya masika, na jivu kidogo la jikoni. Lakini kama unakaa upande wa maweni, jivu usitie. Ardhi ile chokaa tayari inayo ya kutosha. Maji usiubanie, mtofaa hauwezi ukame. Kiangazi nautandazia makumbi ya nazi, mbali kidogo na shina, na jioni ndoo mbili.

Mwaka wa tatu tangu niliposimamisha msumeno, natoka asubuhi na ufagio, chini pamekuwa pinki tupu, kama fundi cherehani kamwaga nyuzi zake. Nikajua maua yameharibika, roho ikaniuma. Nikainama chini ya tawi: nyuzi zimeanguka, lakini kikombe kidogo cha kijani kimebaki kimeshikilia. Hicho ndicho tofaa. Msiogope nyuzi, na msipige dawa wakati ule, mtafukuza nyuki. Baada ya kama miezi miwili tukala.

Inzi wa matunda ndio adui. Tofaa lililoanguka lisilale chini hata usiku mmoja: okota, fukia kwa kina, au lifunge kwenye mfuko uuweke juani mpaka funza wafe.

Halafu kuna kunguru. Waliletwa hapa miaka ya 1890 ili wale taka, na taka wanazila, wakimaliza wanakuja kwangu. Matawi ya chini nimeyafunika kwa wavu mkuukuu wa mvuvi. Ya juu nimewaachia. Sina tena umri wa kupanda.