Padri, kodi hii niipokee?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu, Padri. Kijana wangu amepata kazi ya kompyuta hapa Nairobi baada ya kukaa nyumbani miaka miwili. Anachora visanduku kwenye picha zilizopigwa kutoka angani: hili gari, hili paa, huyu mtu. Kazini wananong'ona kwamba picha hizo zinafunza droni za vita. Mwezi uliopita alinilipia kodi ya nyumba, na sasa usingizi sipati. Pesa hiyo ni halali? – Mama, Umoja

JIBU: Milele na milele, mama. Sikutaka kubahatisha, nikamwuliza kijana wa parokia yetu anayefanya kazi kama hiyo. Picha hakunionyesha, maana alitia sahihi ya kutunza siri. Akanichorea nyuma ya karatasi ya matangazo ya Jumapili: nukta, na mstari mrefu kando yake. "Mtu ukimwona kutoka juu ni nukta tu, Padri. Tunamjua kwa kivuli."

Karatasi hiyo ningali nayo.

Kanisa limewahi kushtushwa na silaha mpya. Mwaka 1139 Mtaguso wa Pili wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulikataza upinde wa mtambo usitumiwe dhidi ya Wakristo (wengine shauri yao, eti!), na askari waliendelea kuutumia. Juni 2024 Papa Fransisko aliwaambia viongozi wa G7, kundi la nchi saba tajiri, huko Italia, kwamba mashine isichague kamwe kumuua mwanadamu. Mimi neno hilo nalielewa nikiwa kitubioni. Askari akiua, dhambi ina mwenyewe, naye anaweza kuja kupiga magoti. Mashine ikiua, nani aje? Jenerali atamsukumia fundi, na fundi atamsukumia mchora visanduku.

Mwanao hana hatia kwa asilolijua. Picha kama hizo hutumika pia kuchorea ramani. Lakini mnong'ono ameshausikia. Amwulize msimamizi, kwa maandishi: kazi hii ni ya nani, na ya nini? Akiambiwa ni ya silaha zinazojichagulia wa kuua, aache. Nasema hivyo nikijua bei ya unga. Wakimnyamazia, mimi ningeanza kutafuta kazi nyingine siku hiyo hiyo.

Kodi ya mwezi uliopita usimrudishie. Ila haya usimwulize mbele ya wadogo zake.