Sintesaiza yako ya kwanza: kamilisha sauti moja kabla ya kuiongeza
Ukifungua Pure Data, programu ya kompyuta ya kujenga sauti kwa kuunga visanduku kwa nyaya, kwa mara ya kwanza unakutana na ukurasa mweupe, na hamu inayokuja ni ya kuujaza: osileta sita, vichujio vitatu, mwangwi, vyote siku hiyohiyo. Jizuie. Jenga sauti moja inayotoka safi kuanzia noti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Kuizidisha iwe nane ni kazi ndogo baadaye, lakini kasoro ukiizidisha mara nane hutajua tena ilianzia wapi.

Tunatumia Pure Data hapa kwa sababu haiuzwi na haikufichi kitu. Iliandikwa na Miller Puckette, yuleyule aliyeanzisha Max, programu ya aina hiihii, pale IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki, Paris. Utakayoyazoea humu yatakufaa hata ukihamia Max au programu nyingine kama Reaktor na VCV Rack, ingawa majina ya visanduku yatabadilika.

Kabla ya kuunga waya wowote, weka *~ 0.1 (kisanduku kinachozidisha wimbi kwa 0.1) kabla ya dac~, kisanduku kinachopeleka sauti kwenye spika, na uvue hedifoni. Waya mmoja ukikosewa unaweza kutoa mlio wa nguvu zote, na masikio hayana akiba.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba nyaya ni za aina mbili. Waya mwembamba hupeleka ujumbe: namba inayofika mara moja kisha basi. Waya mnene hupeleka mawimbi yenyewe, maelfu ya namba kila sekunde, na visanduku vyake vyote huishia na alama ya ~. Makosa mengi ya wageni yanazaliwa hapa. Ukiunga kitelezi cha sauti moja kwa moja kwenye *~, utasikia mkwaruzo kila unapokisogeza, kwa kuwa kiwango kinaruka kutoka namba hadi namba. Pitisha kwanza kwenye pack f 20, inayofunga namba pamoja na 20, kisha line~, ili kila badiliko lichukue milisekunde 20. Jingine: *~ iliyoandikiwa namba hutarajia ujumbe kwenye tundu lake la kulia. Ukitaka kuingiza mawimbi pande zote mbili, iache bila namba.

Sasa mnyororo wenyewe. Anza na notein, inayopokea noti za kinanda, halafu poly 1 1, inayogawa noti kwa sauti zilizopo. Wengi huiruka poly kwa kuwa sauti ni moja tu, kisha wanashangaa: umeshika noti ya kwanza, umebonyeza ya pili, unaachia ya kwanza, na sauti inakatika ilhali kidole bado kiko kwenye ya pili. poly 1 1 hukumbuka noti ipi imeshika zamu na kuupuuza ujumbe wa iliyokwisha kunyang'anywa. Tundu lake la katikati hutoa noti: ipeleke mtof, inayogeuza namba ya noti kuwa masafa (69 huwa Hz 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde), halafu phasor~, osileta yetu. Tundu la kulia hutoa nguvu ya kubonyeza, na sifuri maana yake kidole kimeinuka. Ipeleke sel 0, inayotenga sifuri upande wa kushoto na namba nyingine upande wa kulia.

phasor~ hutoa umbo la meno ya msumeno, lakini kutoka 0 hadi 1, yaani wimbi zima limeelea juu ya sifuri. Ukiliacha hivyo, spika itagonga kila noti inapofunguka. Ongeza -~ 0.5, kisha *~ 2.

Kufungua na kufunga sauti ni kazi ya vline~. Tundu la kulia la sel 0 ligonge ujumbe "1 10, 0.6 200 10": panda hadi 1 kwa milisekunde 10, kisha, milisekunde hizo 10 zikipita, shuka hadi 0.6 kwa milisekunde 200. Tundu la kushoto ligonge "0 300". Zidisha wimbi kwa matokeo ya vline~. Ukisikia kidoko mwanzoni mwa noti, mara nyingi muda wa kupanda ni mfupi mno; chini ya milisekunde 2 au 3 kidoko ni cha kawaida.

Kichujio ndicho kinachoipa sintesaiza tabia, kwa hiyo usikiharakishe. Tumia vcf~, kichujio cha Pure Data, na uchukue tundu la kulia la kutokea, linalopitisha masafa ya chini. Kosa linaloua uzuri wake ni kupandisha masafa kwa kujumlisha Hz. Kutoka Hz 131 hadi 2093 ni oktava nne. Ukipanda kwa mstari wa Hz, katikati ya safari utakuwa karibu 1112, yaani oktava tatu zimekwisha pita, na sikio linasikia mruko wa ghafla. Fanya hesabu kwa noti: zidisha vline~ kwa 48, jumlisha 48, kisha mtof~ iende kwenye masafa ya vcf~. Katikati sasa ni noti 72, Hz 523, na mpando unasikika sawia.

Piga noti za juu sana. Pengine utasikia milio isiyopatana na noti. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, chochote kinachovuka Hz 22,050 hurudi chini. Kila wimbi la meno ya msumeno lina milio mingi juu yake, mara mbili, mara tatu na kuendelea ya masafa ya noti; ya Hz 2000 ina mlio wa ishirini wenye Hz 40,000, nao hujitokeza kwenye 4100, mahali usipopatana na chochote. Kichujio kikija baadaye hakitauondoa, kwa sababu umeshaingia. Dawa ni kuchora wimbi kwenye jedwali kwa ujumbe wa sinesum na kulisoma kwa tabosc4~. Jedwali la milio 40 linafaa hadi Hz 551, la milio 10 hadi 2205. Majedwali matatu au manne yanatosha kinanda kizima.

Sauti ikiwa safi, ihifadhi kama faili sauti.pd yenye inlet (mlango wa kuingilia ujumbe) na outlet~ (mlango wa kutokea mawimbi). Badilisha poly iwe 8 1, kusanya matundu yake kwa pack f f f, na upeleke kwenye clone -s 1 sauti 8, inayotengeneza nakala nane za faili hiyo. Usisahau hiyo -s 1: poly huhesabu kuanzia 1, clone huanzia 0, na bila kuvilinganisha, sauti moja haitaitika kamwe. Majina ya send na receive (visanduku vinavyotumiana ujumbe bila waya) ndani ya faili yaanze na $0-, la sivyo sauti zote nane zitatii amri moja. Badala ya 0.1 mwishoni weka 0.12, kwa maana nane zikijumlishwa zinaweza kufika 8 na dac~ hukata chochote kinachozidi 1.

Kompyuta ikilemewa, zima sauti zilizonyamaza kwa switch~, kisanduku kinachowasha na kuzima hesabu za sauti, ndani ya sauti.pd. Iwashe kabla ya ujumbe wa vline~, na uizime kwa delay 320, yaani subira ya milisekunde 320, baada ya kidole kuinuka, kwa kuwa mfifio unachukua 300. Noti mpya ikifika kabla ya hapo, tuma stop kwenye hiyo delay, vinginevyo itaikata noti katikati.